Mbayuwayu wa Barazani

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyosomwa redioni na kasisi wa Kanisa la Anglikana. Tunayachapa kwa ombi la wasikilizaji.)

Popote ulipo asubuhi hii, jikoni ukichochea moto, njiani ukingojea matatu, au kitandani kwa sababu ya ugonjwa, nakukaribisha tukae pamoja dakika chache mbele za Mungu.

Tarehe 30 Juni 1973 jua lilipatwa kabisa kaskazini mwa nchi yetu. Watu walisafiri kutoka nchi za mbali, wataalamu na vyombo vyao, watalii na kamera zao, wakafika hata Loiyangalani, kando ya ziwa ambalo wakati ule liliitwa Rudolf na leo laitwa Turkana. Mchana ukageuka giza kwa dakika chache. Tarehe 3 Novemba 2013 jua likapatwa tena katika pande zile zile, safari hii kwa sekunde chache tu, na watu wakasafiri tena mamia ya kilomita, wakalala katika mahema jangwani ili waone.

Siwalaumu hata kidogo. Lakini nakuuliza swali moja, ndugu msikilizaji. Asubuhi ya tarehe 1 Julai 1973, jua lilipochomoza kama kawaida, ni nani aliyefunga safari kwenda kulitazama?

Swali hili si geni. Zaidi ya miaka 1,500 iliyopita alikuwako askofu Mwafrika aliyeitwa Augustino, wa mji wa Hippo, ambao leo umo katika nchi ya Algeria. Alifariki mwaka 430. Siku moja alikuwa akiwafundisha watu wake habari za Bwana Yesu kuwalisha watu elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili, kama tusomavyo katika Yohana sura ya 6. Akawaeleza kwamba kuutawala ulimwengu wote ni ajabu kubwa kuliko kuwashibisha watu elfu tano. Kila mwaka Mungu anazidisha mbegu chache kuwa mavuno ya kulisha mataifa, na hakuna anayeshangaa. Watu walistaajabia ile mikate, si kwa kuwa ni ajabu kubwa zaidi, bali kwa kuwa ni jambo la nadra.

Hebu tulipime neno hilo katika nyumba zetu. Jana jioni ulikula ugali. Unga wake ulitoka katika punje za mahindi, na mahindi yale yalitoka katika punje moja moja zilizotupwa ardhini. Punje moja huota mti, na mti huzaa gunzi lenye punje mia kadhaa. Nguvu ya kufanya kazi hiyo yatoka wapi? Yatoka katika mwanga wa jua, ambalo liko mbali nasi kwa kilomita milioni 150. Mwanga huo husafiri kwa muda wa dakika nane na kidogo mpaka unagusa jani la mahindi shambani mwako. Jani huutumia mwanga huo, pamoja na maji ya mvua na hewa, kutengeneza chakula. Basi mama akisonga ugali, anasonga mwanga wa jua, mvua na hewa, alivyoviunganisha Mungu pasipo kelele. Lakini sisi twaketi, twakula, twauliza tu mbona mboga haina chumvi.

Kinachotupofusha ni mazoea. Jambo tulionalo mara moja laitwa ajabu. Jambo hilo hilo tukilipata kila siku laitwa kawaida. Nasi tukiisha kuliita kawaida, twaacha kulitazama, na tukiacha kulitazama twaacha kushukuru. Mtu asiyeshukuru polepole huanza kuona kwamba Mungu yuko mbali, wala hajui ni lini alipomwacha njiani.

Nataka sasa nikuungamie jambo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitumika katika parokia moja ya milima ya Taita. Kanisa letu ni la mawe, na mbele yake lina baraza pana yenye benchi la mbao. Kila zinapofika mvua za masika, mbayuwayu hujenga viota vyao chini ya paa la baraza ile. Ni wale wenye kichwa chenye rangi ya kutu na kifua chenye mistari. Huchota tope kando ya bomba la maji, tonge moja moja mdomoni, wakalibandika ukutani. Kiota kikikamilika hufanana na kibuyu kidogo kilichobandikwa chini ya paa, chenye shingo ya kuingilia. Hapo ndipo niliposadiki kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka ule tulikuwa tukimngojea Baba Askofu aje kuwawekea mikono watoto wa kipaimara. Tulikuwa na kamati ya chakula, kamati ya mapokezi na kamati ya fedha, na mimi nilikuwa katika kamati zote. Wazee wa kanisa wakanung'unika kwamba ndege wanaichafua sakafu. Nao walikuwa na haki, maana mama aliyesugua sakafu ile kila Jumamosi aliikuta imechafuka Jumapili asubuhi. Basi nikamwagiza mtunza kanisa achukue mti mrefu, aviangushe viota vyote. Vilikuwa vinne. Kazi haikuchukua hata nusu saa. Sakafu ikasuguliwa, ikang'aa. Baba Askofu akaja, akasifu usafi wetu, nami nikafurahi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mama mmoja mzee alinisimamisha barazani. Alikuwa mjane. Mwaka uliotangulia alikuwa amemzika mumewe, na baada ya miezi minne akamzika mwanawe wa pekee. Tangu hapo hakuketi tena ndani ya kanisa. Alikaa nje kwenye lile benchi. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya kifua chake, maana alikuwa akikohoa. Sikumwuliza.

Akasema, "Mchungaji, wale ndege wamekwenda wapi?"

Nikamjibu, "Tumesafisha, Mama. Kanisa ni nyumba ya Mungu."

Akaniangalia, akasema, "Haya." Akashika fimbo yake, akaenda zake.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Ninyi mnaotumia Kitabu cha Sala mnajua kwamba Zaburi zimegawanywa kwa siku thelathini za mwezi, asubuhi na jioni. Jioni ya tarehe 16 ya mwezi ule nilikuwa peke yangu kanisani, nikisoma sala za jioni. Zaburi za jioni hiyo ni ya 82 mpaka ya 85. Nikasoma haraka haraka, kama nilivyozoea, mpaka nikafika ya 84. Humo mwimbaji anaitamani nyumba ya Bwana, na anawaonea wivu ndege wawili, shomoro na mbayuwayu, kwa sababu wao wamepata mahali pa kujenga kiota na kuweka makinda karibu kabisa na madhabahu ya Mungu.

Ndugu zangu, Zaburi ile nilikuwa nimeisoma kila mwezi kwa miaka mingi. Jioni ile sikuweza kuendelea. Nilifunga kitabu, nikatoka nje, nikatazama ukutani. Palikuwa na alama nne za tope. Nikamwendea mtunza kanisa nikamwuliza, "Vile viota vilikuwa na kitu ndani?" Akasema, "Viwili vilikuwa na mayai, Mchungaji. Nilidhani unajua."

Asubuhi yake nilikwenda kwa yule mama. Nikabisha hodi, akanikaribisha, akanipa kigoda, akanitilia chai. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba msamaha kwa ajili ya wale ndege."

Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mchungaji, nitakuambia neno. Tangu nilipomzika mwanangu sikuweza kuomba. Nikifumba macho naona kaburi. Basi nikawa sifumbi. Nilikaa pale barazani, ninyi mkiimba ndani, nikawatazama wale ndege. Anakwenda, anarudi na tope mdomoni. Anakwenda, anarudi. Kitu kidogo vile, hakina mkono wala jembe. Siku moja nikajikuta nimesema, 'Bwana, hata huyu unamjua.' Neno hilo moja tu. Jumapili nyingine nikalisema tena. Hiyo ndiyo sala niliyokuwa nayo. Halafu nikaja nikakuta ukuta mtupu."

Hakuendelea, wala mimi sikuwa na neno la kusema. Tulikunywa chai.

Wapenzi wasikilizaji, nilikuwa nimesoma theolojia chuoni, nilikuwa nimeandika insha juu ya Mungu kuwapo mahali pote. Lakini kwa miezi mingi Mungu alikuwa akizungumza na mjane huyu kwenye benchi, hatua chache kutoka mlangoni mwangu, nami nilipita kila Jumapili nikikimbilia kamati. Ni kama Yakobo katika Mwanzo sura ya 28. Alilala juu ya jiwe jangwani, na alipoamka alitambua kwamba Bwana alikuwa mahali pale, naye hakujua.

Basi tujifunze nini? Nina mambo matatu.

La kwanza, mshangao huanza kwa kusimama. Tunasoma katika Kutoka sura ya 3 kwamba Musa alikuwa akichunga kondoo wa mkwewe, kazi ya kila siku, akaona kijiti kinawaka moto na hakiteketei. Angaliza jinsi mambo yalivyofuatana. Musa alisema moyoni kwamba atageuka akatazame. Na Bwana alipoona kwamba amegeuka, ndipo alipomwita kwa jina. Wito ulikuja baada ya kugeuka. Najiuliza, kama Musa angalisema, "Nina haraka, kondoo wananingoja," ingalikuwaje? Siku hizi sisi wengi hatuna kondoo, lakini tuna simu mkononi, na macho yetu yameinama tangu tunapoamka. Huenda vijiti vingi vimewaka kando ya njia yetu.

La pili, usiogope kujua. Wako Wakristo wanaodhani kwamba elimu ya sayansi huua mshangao, kwamba jambo likieleweka Mungu hutoka ndani yake. La hasha. Ngoja nikupe mfano wa mbayuwayu wengine, wale wanaozaliana Ulaya na kuja Afrika kila mwaka wakati wa baridi ya kwao. Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege hao huenda wapi. Wako waliodhani kwamba hujificha chini ya matope ya maziwa. Mwezi wa Mei 1911 wakili mmoja huko Staffordshire, Uingereza, alimfunga mbayuwayu mmoja pete nyepesi mguuni, akamwachilia. Mwezi wa Desemba 1912 ndege yule yule alikamatwa katika shamba huko Natal, Afrika Kusini, pete ikiwa mguuni. Ni umbali wa zaidi ya kilomita 9,000, na mbayuwayu wa jamii hiyo ana uzito wa gramu 20 hivi, kama vijiko vitano vidogo vya sukari. Nasi hapa Kenya tuna mahali panapojulikana na wataalamu wa ndege duniani. Ni pale Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi. Tangu mwaka 1969 wataalamu huenda huko, hasa miezi ya Novemba na Desemba. Usiku wa ukungu ndege wasafiri kutoka Ulaya na Asia hupotea njia, wakavutwa na taa za hoteli. Wataalamu huwanasa kwa nyavu laini, huwafunga pete, kisha huwaachilia waendelee na safari.

Je, kujua hayo kumepunguza ajabu au kumeliongeza? Mimi kwangu kumeliongeza. Nabii Yeremia, katika sura ya 8, aliwataja ndege wa safari, mbayuwayu akiwa mmojawapo, kwamba wao wanayajua majira yao ya kurudi, lakini watu wa Mungu hawazijui hukumu za Bwana. Ndege anarudi kwa wakati wake. Ni sisi tunaochelewa.

La tatu, mshangao hauna budi kutufikisha mahali. Hapa nataka tuwe waangalifu. Hatusemi kwamba ndege ni Mungu, au jua ni Mungu, au mlima ni Mungu. Paulo, katika Warumi sura ya 1, anatufundisha kwamba uweza wa Mungu na uungu wake huonekana kwa njia ya vitu alivyoviumba. Lakini papo hapo anawaonya wale walioacha kumtukuza Muumba wakakiabudu kiumbe. Kiumbe ni barua, na mtu mwenye akili haibusu barua akamsahau aliyeiandika. Tena si kila hisia tamu yatoka kwa Mungu. Ukitaka kujua kama mshangao wako umetoka kwake, tazama matunda yake. Je, umeondoka ukiwa na shukrani zaidi? Je, umekuwa mpole zaidi kwa jirani? Je, umekupeleka karibu na Bwana Yesu, aliyewaambia wanafunzi wake watazame ndege wa angani na maua ya kondeni? Mimi nilipenda sakafu inayong'aa, nikaiita utukufu wa Mungu. Matunda yake yalikuwa mayai yaliyovunjika na mama aliyenyang'anywa sala yake.

Labda unanisikiliza ukiwa na huzuni, na unasema, "Mchungaji, mimi sina nafasi ya kustaajabia ndege. Nimefiwa. Nadaiwa. Mtoto wangu ni mgonjwa." Sitakudanganya kwamba kutazama ndege kutamrudisha aliyekwenda. Yule mama hakumrudishiwa mwanawe. Na Bwana Yesu mwenyewe, katika Mathayo sura ya 10, hakusema kwamba shomoro haanguki. Alisema kwamba haanguki pasipo Baba kujua. Ahadi yetu ni hiyo. Neno la yule mama, "hata huyu unamjua," ni hilo hilo, ingawa hakuwa amelifungua Kitabu siku ile. Kama huna nguvu ya kuomba kwa maneno mengi, usijilaumu. Tazama kitu kimoja kidogo alichokifanya Mungu, ukitazame mpaka mwisho, kisha sema neno moja. Hiyo ni sala.

Tena nakupa zoezi dogo la juma hili. Kila siku, kabla ya kulala, taja mbele za Mungu jambo moja la kawaida uliloliona siku hiyo kana kwamba waliona mara ya kwanza. Yaweza kuwa pumzi ya mtoto aliyelala. Yaweza kuwa harufu ya udongo mvua inapoanza. Yaweza kuwa moto wa jikoni ulioshika kwa kiberiti kimoja. Kisha mshukuru Mungu kwa jambo hilo tu. Katika Kitabu cha Sala iko sala ya shukrani kwa ajili ya mambo yote, iliyotiwa humo mwaka 1662, na yasemekana iliandikwa na Askofu Edward Reynolds wa Norwich. Sala hiyo yamshukuru Mungu kwanza kwa kutuumba na kutuhifadhi, ndipo inapofika kwenye wokovu wetu katika Kristo, ambao ndio mkuu kupita yote. Mpango huo ni mzuri. Asiyejifunza kushukuru kwa pumzi, atashukuruje kwa msalaba?

Nimalizie habari ya baraza. Mayai yale hayakurudi. Lakini baada ya mvua ya siku mbili niliwaona ndege wawili kando ya bomba, wakichota tope. Nikawaita wazee wa kanisa, nikawaambia yote, hata kosa langu. Mzee mmoja, fundi seremala, hakusema neno. Siku ya Jumamosi alikuja na ubao na misumari minne, akaupigilia ukutani chini ya mahali pa viota, uchafu ukawa waangukia hapo. Jambo ambalo kamati tatu hazikuliwaza lilimalizwa na ubao mmoja.

Yule mama aliendelea kukaa kwenye benchi majuma mengi, nami sikumhimiza aingie ndani. Nilianza kutoka mapema Jumapili, kabla ya kengele, nikakaa naye dakika chache. Hatukuzungumza sana. Tulitazama. Asubuhi moja, kengele ilipolia, alisimama, akashika fimbo yake, akaniambia, "Twende, Mchungaji. Hawa wataendelea na kazi." Tukaingia pamoja.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, Muumba wa jua na mvua, uliyemfundisha mbayuwayu njia yake, utusamehe kwa kuwa tunapita upesi. Utufumbue macho tuyaone matendo yako katika mambo madogo ya leo. Uwakumbuke walio na huzuni wasioweza kuomba, uwe karibu nao hata wakiwa wamekaa nje. Utuepushe na kuvunja kwa mikono yetu yale unayoyajenga kwa utulivu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Hadi tutakapokutana tena, Mungu awabariki nyote. Na ukitoka nje asubuhi hii, ndugu yangu, inua macho kidogo kabla ya kuendelea na safari yako.